Mgonjwa Ambaye Hakuna Aliyemshuku

Tarehe 9 Machi 2020, siku nne baada ya Afrika Kusini kutangaza mgonjwa wake wa kwanza wa Korona, mtu aliyetoka safari ya Ulaya alifika idara ya dharura ya St Augustine's, hospitali ya binafsi mjini Durban. Alikuwa na dalili, safari yake ilijulikana, akashukiwa na kupimwa. Siku hiyohiyo, katika idara hiyohiyo, alikuwapo mgonjwa mwingine aliyeletwa kwa kiharusi. Huyo hakuna aliyemshuku. Akalazwa kama wanavyolazwa wagonjwa wa kiharusi.

Hadi mwisho wa Aprili, maambukizi 119 yalikuwa yamehusishwa na hospitali ile: wagonjwa 39 na wafanyakazi 80. Kati ya wagonjwa hao 39, 15 walifariki. Richard Lessells, Yunus Moosa na Tulio de Oliveira wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal walifuatilia njia ya kirusi kitanda kwa kitanda, wakasoma na vinasaba vyake, na picha waliyoipata ni ya mkasa ulioota kwenye mbegu moja. Watu wa mtaani hawakuwa wakiuleta ugonjwa kila asubuhi. Kirusi kiliingia mara moja, kikampata yule wa kiharusi, kikakuta milango ya ndani iko wazi. Wagonjwa walihamishwa wodi hadi wodi, na kila aliyehamishwa alihama na alichobeba. Kutoka hapo ugonjwa ukafika kwenye nyumba ya kutunzia wazee na kwenye kituo cha kusafishia damu za wagonjwa wa figo.

Kisa hiki hunijia kila ninaposikia watu wakisema kwamba wakati wa Korona tulichokosa ni barakoa, mitungi ya oksijeni na fedha. Ni kweli tulivikosa. Lakini St Augustine's haikuwa zahanati ya bati isiyo na maji. Ilikuwa na vifaa, ilikuwa na wataalamu, na yule mgonjwa wa Ulaya, ambaye kila mtu alimwogopa, walimtambua siku ya kwanza. Aliyewapita ni wa kiharusi. Nami nasema hivi: mlipuko wa hospitalini hauanzi kwa mgonjwa tunayemwogopa, unaanza kwa yule tuliyemzoea. Kwa hiyo kinga ya janga hujengeka au hubomoka kwenye namna tunavyomhudumia mgonjwa wa malaria, siku ambayo redioni hakuna habari yoyote ya mlipuko.

Nimetaja malaria kwa makusudi. Mwishoni mwa Agosti 1976, huko Yambuku kaskazini mwa Zaire, Mabalo Lokela, mwalimu wa shule ya misheni, alishikwa na homa. Akaenda hospitali ya masista wa Kibelgiji, akachomwa sindano ya klorokwini, kwa sababu homa katika nchi ile ilikuwa na jina moja kama ilivyo kwetu. Hospitali ile kila asubuhi ilitoa mabomba ya sindano matano pamoja na sindano zake kwa kazi ya siku nzima. Baina ya mgonjwa na mgonjwa yalioshwa kwa maji ya vuguvugu. Ebola ilikuwa haijapewa hata jina. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Katika wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Na katika wale ambao njia yao pekee ya kuambukizwa ilikuwa sindano, hakupona hata mmoja.

Watu walikuwa wakija kliniki kuchomwa sindano za nguvu, wajawazito walikuja kupima maendeleo ya mimba, na wakarudi nyumbani na kifo mwilini. Hospitali ilipofungwa mwishoni mwa Septemba, mlipuko ukaanza kufifia. Hebu litafakari hilo. Hatua moja kubwa iliyookoa watu wa Yambuku ilikuwa kufungwa kwa mahali walipokimbilia kuokolewa.

Kuna atakayesema hizo ni zama za kale, siku hizi bomba la sindano likishatumika linatupwa. Sawa. Basi tuje karibu zaidi, kwa majirani zetu wa Rwanda, Septemba 2024. Mchimba madini aliyekuwa akifanya kazi kwenye pango lenye popo aliugua, akapimwa, akakutwa na malaria. Kipimo hakikukosea. Vimelea vya malaria vilikuwamo kweli kwenye damu yake, na Marburg, ugonjwa wa jamii ya Ebola, nayo ilikuwamo. Daktari yeyote wa Bukoba au Kigoma angefanya vilevile: homa ipo, kipimo kimesema ndiyo, anza dawa. Rwanda ilipotangaza mlipuko tarehe 27 Septemba, kirusi kilikuwa kimeshapita kwa manesi na madaktari wa Kigali. Katika watu 66 waliothibitika kuambukizwa, karibu asilimia 80 walikuwa watumishi wa afya.

Nisieleweke vibaya. Walivyoushughulikia ugonjwa ule baada ya kuutambua, wanastahili kuvuliwa kofia. Walifariki watu 15, chini kidogo ya robo ya waliougua, wakati Marburg ya Uíge nchini Angola mwaka 2005 iliua 227 kati ya 252. Wapo wagonjwa waliowekewa mpira wa kupumulia na baadaye wakatolewa wakiwa hai, jambo ambalo halikuwa limezoeleka kabisa kwa ugonjwa huo Afrika. Kufikia tarehe 20 Desemba walishatangaza kwamba umekwisha. Lakini takwimu ya asilimia 80 inatuambia kitu kuhusu wiki zile za kabla ya tangazo, na wiki hizo ndizo ninazozizungumzia. Hazikuwa na mavazi maalumu, hema wala chanjo ya majaribio. Zilikuwa na mikono, kwenye wodi iliyojaa watu wenye majina ya magonjwa ya kawaida. Kwenye Ebola ya Kikwit, Zaire, mwaka 1995 mambo yalikuwa hivyohivyo: fundi wa maabara alipasuliwa kwa kudhaniwa taifodi imemtoboa utumbo, na timu iliyompasua ndiyo iliyofuata kuugua.

Mwaka jana nilimuuguza shangazi yangu siku sita katika hospitali ambayo sitaitaja, maana zipo nyingi zinazofanana nayo. Aliingia kwa nimonia. Wodi ilikuwa na wagonjwa 43, wengine wamelala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule. Usiku manesi walikuwa wawili. Mashine ya kupimia presha ilikuwa moja, na kile kitambaa chake cha kufunga mkononi kilikuwa kimeshabadilika rangi kiasi kwamba sikujua kilizaliwa buluu au kijivu. Kilitoka mkono wa mama mwenye kidonda cha kisukari kikaja kwa shangazi, kikaenda kwa binti aliyekuwa akikohoa pembeni.

Usiku wa pili nilishindwa kujizuia. "Samahani, sista, hiki kitambaa hufutwa saa ngapi?"

Hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali ambalo yeye mwenyewe alishaacha kujiuliza. "Kaka yangu, tuko wawili. Nikikifuta kila kitanda, wa mwisho nitampima kesho."

Nilikaa kwenye benchi nikapiga hesabu. Kutakasa mikono kwa spiriti kunataka sekunde 20 hadi 30. Mwongozo unataka nesi afanye hivyo kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa. Chukua sekunde 30, mara mbili, kwa wagonjwa 43: ni dakika 43 za mzunguko mmoja tu, na hapo hajapima joto, hajatoa dawa, hajabadilisha dripu. Kama spiriti imekwisha na inabidi atumie sabuni na maji, muda unakaribia mara mbili ya huo, ukiacha safari ya kwenda na kurudi bombani. Wodini palikuwa na sinki moja. Kwenye koki yake kilibandikwa kikaratasi: HAITOI MAJI. Juu yake, ukutani, bango zuri la rangi lenye hatua zote za kunawa mikono.

Bango lile ni dalili ya namna tunavyolifikiria jambo hili. Tunalichukulia kuwa la tabia, kana kwamba nesi hajui au hapendi. Semina zinafanyika, posho zinatolewa, vyeti vinapigwa picha. Lakini dakika 43 si tabia. Ni mtu wa tatu wa zamu ambaye hakuajiriwa. Unaweza kumfundisha nesi mmoja mara kumi jinsi ya kunawa na usimpe hata dakika moja ya kunawia.

Glavu nazo zinatudanganya, na Korona iliongeza udanganyifu huo. Mtu akivaa glavu anahisi yuko salama, na ni kweli kwa kiasi fulani, yeye. Anayeguswa na glavu ileile iliyotoka kitanda cha jirani hana usalama wowote. Mikono mitupu angalau hujisikia michafu, inanata, inamkumbusha mwenyewe anawe. Glavu haimkumbushi mtu kitu. Marekani, nchi ambayo hatuwezi kuisingizia umaskini, kituo chao cha kudhibiti magonjwa kilieleza mwaka 2022 kwamba maambukizi yanayopatikana hospitalini ya vimelea sugu kwa dawa, pamoja na vifo vyake, viliongezeka kwa walau asilimia 15 mwaka 2020 ukilinganisha na 2019. Yaani mwaka ambao dunia nzima ilivaa kuliko wakati mwingine wowote, wadudu wa wodini walistawi. Wagonjwa walikuwa wengi na mahututi, mipira ya mkojo na ya mishipani ilikaa muda mrefu, dawa za antibayotiki zilitolewa bila mpango, na jicho la kila mtu lilikuwa kwenye adui mmoja.

Kwetu kuna mikono mingine ambayo miongozo huitaja kwa kupita tu: ya ndugu. Nani alimwogesha shangazi? Mimi sikuweza, ni shangazi yangu; alimwogesha binti yake. Nani alimlisha uji? Binti yake. Nani alimwaga mkojo, akabeba matandiko kwenda kuyafua, akamgeuza usiku? Na binti huyohuyo alimsaidia mama wa kitanda cha tatu ambaye ndugu zake walikuwa bado njiani, maana huwezi kumwacha mtu anahangaika ukimtazama. Huo ndio utu wetu na siombi ukome. Lakini hakuna aliyempa spiriti, hakuna aliyemwelekeza, na kwenye hesabu za hospitali hayupo kabisa.

Korea Kusini walilijua hili kwa gharama. Mwaka 2015 msafiri mmoja aliyetoka Ghuba aliingia na MERS, ugonjwa wa kupumua wa jamii ya Korona, akapita hospitali moja baada ya nyingine kabla hajatambuliwa. Walioambukizwa wakafika 186, na 38 wakafa. Ukiwagawa hao 186, watumishi wa afya walikuwa 39 tu. Wagonjwa wenzao walikuwa 82, na ndugu, wauguzaji na waliokuja kuwajulia hali walikuwa 65. Wakorea nao wana desturi ya ndugu kulala hospitalini na mgonjwa wao. Mtu mmoja, akiwa kwenye chumba cha dharura kilichofurika cha hospitali kubwa ya Seoul, aliambukiza zaidi ya 80. Nikisoma takwimu zile naona benchi la nje ya wodi ya shangazi, watu wamekaa bega kwa bega, thamosi ya chai inazunguka.

Halafu kuna hewa. Hili liliniudhi sana mwaka 2020 na bado linaniudhi. Mwishoni mwa Machi mwaka ule Shirika la Afya Duniani liliandika mitandaoni, kwa herufi kubwa, kwamba Korona haienei kwa hewa. Baadaye lilibadilika taratibu, lakini kauli ya kwanza ndiyo iliyokaa vichwani. Tukanyunyiza dawa kwenye stendi na masoko, tukapanga ndoo kila mlango, na hatukufungua madirisha. Wengine tukapiga nyungu ndani ya blanketi, familia nzima. Watu wenye uwezo wakakimbilia hospitali zenye vioo na kiyoyozi, ambako hewa ya ndani huzungushwa humohumo, wakidhani ubaridi ni usafi.

Wazee waliojenga wodi za dari refu na madirisha yanayotazamana walijua kitu. Mwaka 2007 watafiti waliopima hewa katika hospitali za Lima, Peru, waliona kwamba wodi za kabla ya 1950, madirisha yakiwa wazi, zilibadilisha hewa mara 40 kwa saa. Za kisasa zenye madirisha zilibadilisha mara 17, na vyumba vyenye mitambo ya hewa mara 12. Wakikadiria hatari ya kupata kifua kikuu kwa mtu aliyekaa humo, ilikuwa asilimia 11 kwenye jengo kuukuu na 39 kwenye chumba cha mitambo. Sisi tuna majengo ya namna ile kila mkoa, na tunayabomoa kwa fahari ili tujenge ya vioo. Katika wodi ya shangazi madirisha yalikuwapo, makubwa kabisa. Nusu yake yaligongomelewa misumari kwa sababu nyavu za mbu zilichanika na hapakuwa na fungu la nyavu.

Anayefanya usafi sina haja ya kumweleza kwa kirefu. Ameajiriwa na kampuni yenye zabuni, mshahara wake unachelewa, anapewa jiki ya kuchanganya kwa kukadiria kwa jicho, na deki moja inaanzia chooni inaishia chini ya kitanda cha mgonjwa. Kwenye kikao cha kamati ya kudhibiti maambukizi hayupo. Yeye ndiye anayejua koki ipi imekufa na tangu lini.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau ambukizo moja wakiwa hospitalini. Ni makadirio, kwa sababu sehemu nyingi hazihesabu. Kilifi, pwani ya Kenya, walihesabu. Waliwafuatilia watoto waliolazwa katika hospitali ya wilaya kuanzia 2002 hadi 2009, wakatenganisha waliokuja na vimelea kwenye damu na waliovipatia wodini. Kati ya waliovipatia wodini, walifariki asilimia 53. Waliokuja navyo kutoka nyumbani walifariki asilimia 24, na wasio na vimelea kwenye damu asilimia 6. Watoto wale hawakufa kwa janga lolote lililotangazwa. Walikufa katika miaka ya kawaida, mmoja leo, mwingine wiki ijayo, na bila watu wa kukaa na kuhesabu, kila mzazi angerudi nyumbani akijua mwanawe amekufa kwa ugonjwa aliompelekea.

Sisi Tanzania wakati wa Korona namba zetu zilisimama kwenye wagonjwa 509, mwanzoni mwa Mei 2020, na siasa ya uamuzi ule imeshajadiliwa sana. Ninachokijadili mimi ni daftari jingine ambalo halijawahi kufunguliwa kwenye hospitali nyingi, wakati wa janga wala nje ya janga: nani aliingia na nini, akatoka na nini. Daftari hilo lingetuonyesha wodi ipi inaambukiza kabla Marburg haijafika, kwa sababu njia anayopita mdudu wa kawaida kutoka mkono wa dripu hadi mkono wa dripu ndiyo njia atakayopita yule wa kutisha. Kagera imeshaonja mara mbili, 2023 na 2025. Nikipewa nafasi ya kumuuliza mganga mkuu wa mkoa swali moja kuhusu maandalizi, sitauliza stoo ina mavazi maalumu mangapi. Nitauliza kila wodi ina vitambaa vingapi vya mashine ya presha.

Shangazi aliruhusiwa siku ya sita. Kifua kilikuwa kimepona. Mkono wa kushoto, pale ilipokaa dripu siku nne bila kubadilishwa, ulikuwa umevimba, mwekundu na wa moto, na ndani yake ulishaanza usaha. Tulinunua dawa nyingine duka la nje, tukamsafisha kidonda nyumbani wiki tatu. Karatasi yake ya kuruhusiwa ninayo hadi leo. Kwenye mstari wa ugonjwa imeandikwa nimonia, na kwenye mstari wa hali ya mgonjwa imeandikwa amepona.